Dokezo Nililokataa Kulifuta

Simu za dada yangu zilikuwa zinaanza kabla sijapiga mswaki. Sikuhitaji kutazama ni nani. Nikipokea, salamu hakuna, habari za kuamka hakuna.

"Imezimika tena. Hii boîte yenu imezimika tena, na mi sijaigusa. Mungu ni shahidi."

"Imezimika, au imejizima na kuwaka upya?"

"Weye unauliza nini? Imezimika, imewaka, imezimika. Inafanya kama mtoto iko na degedege."

Nilikuwa nakaa ukingoni mwa kitanda, Magarama, mjini Gitega, mguu mmoja sakafuni, nikiwasikia watu wanapita barabarani kwenda sokoni, na tayari nimechoka kama mtu aliyeshinda shambani. Ninamwambia nitaangalia. Yeye ananiambia kila siku nasema nitaangalia. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na hilo ndilo lililokuwa linanikasirisha.

Dada yangu ni muuguzi. Wakati ule alikuwa titulaire, yaani mkubwa wa kituo cha afya, huko Buhinyuza upande wa Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania. Kituo kina nyumba ndefu moja, foleni ya kina mama wenye watoto mgongoni, na friji ya chanjo inayoendeshwa kwa nguvu ya jua. Vita vilitutenganisha tukiwa wadogo: mimi nililelewa na shangazi Kigoma, yeye akabaki Muyinga na mama. Ndiyo maana hadi leo ananicheka kwamba naongea kama redio. Mama yetu bado anaishi Muyinga mjini, kwenye nyumba ile ile ambamo baba alikuwa akishona kanzu. Ana ugonjwa wa sukari, na ni mbishi. Kila Ijumaa dada alikuwa anashuka kutoka Buhinyuza kumwangalia miguu, kumpima, kumgombeza kuhusu chai, kisha anarudi kazini. Bila dada kuwa karibu, mama hana mtu. Mimi niko mbali, na mama ameapa hatahamia Gitega, mji ambao kwa maneno yake hauna adabu ya Kiislamu.

Na mimi? Mimi naandika programu za hicho kisanduku, ile boîte ya dada, kilichokuwa kinajizima.

Kisanduku chenyewe ni kitu kidogo tu, kimefungwa ukutani juu ya friji. Kinaunganishwa na sonde, vijiti vya kupimia joto vilivyo mwishoni mwa waya, vinavyoingia ndani ya friji. Joto likipita kikomo, kisanduku kinalia na kutuma ujumbe wilayani Muyinga. Joto lisipopita, kinawasha taa ya kijani na kuendelea kutuma habari kwamba kuna amani. Kikizimika na kuwaka upya, wilayani wanaona pengo katika habari zao. Na kwa wakubwa wa wilaya, pengo lina maana moja tu: kuna mtu amechomoa kisanduku ili achaji simu za watu.

Msiwalaumu sana. Mambo hayo yapo. Kijijini ambako umeme ni wa kubahatisha, soketi ya kituo cha afya ni kishawishi, na kuna waliowahi kukamatwa. Lakini dada yangu ni mtu ambaye hata simu yake mwenyewe anaichaji kwa jirani. Alikuwa ameshaandikiwa demande d'explication mbili, zile barua za kukudai ujieleze ambazo kila mfanyakazi wa serikali kwetu anaziogopa kuliko malaria. Ya tatu ikija, unahamishwa. Unaweza kupelekwa popote, na unaondolewa ukubwa. Hivyo ndivyo vilivyokuwa hatarini asubuhi zile zote: kituo cha dada yangu, na Ijumaa za mama.

Sasa nieleze kwa nini kisanduku kilikuwa kinajizima, maana ni mimi niliyeandika neno lililokizima.

Ndani kabisa ya kila mashine ya aina hii kuna mfumo endeshi, na ndani ya mfumo huo kuna kiini, sehemu inayogawa kila kitu. Programu ikitaka mahali pa kuweka vitu katika kumbukumbu ya mashine, inakiomba kiini: nipe nafasi ya ukubwa fulani. Kiini kinapima, kinakata, kinakabidhi. Tatizo ni kwamba kikishakabidhi, kimemaliza. Aliyepewa nafasi ya vitu vinne akiandika na cha tano, hakuna anayempigia kelele. Cha tano kinaangukia kwa jirani. Kwa mtu aliyezaliwa Burundi sihitaji kutafuta mfano wa mbali: ni shamba. Jirani anasogeza jembe kidogo kila msimu, anavuka ua wa minyaa, na wewe huoni kitu, hadi siku unakuta migomba yako iko upande wake na mnapelekana kwa bashingantahe, wazee wa kusuluhisha, mkiwa mmeshika mapanga.

Dokezo ni neno dogo tunaloliandika kando ya ile kazi inayogawa nafasi. Linaiambia kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi yetu kuwa amri za mashine: namba hii hapa ndiyo ukubwa wa kilichogawiwa. Basi, hakuna zaidi. Lakini kompaila ikishajua mpaka uko wapi, inaweka mlinzi. Kila kinachonakiliwa kuingia humo kinapimwa kwanza, na kikizidi, mashine yote inasimama. Inasimama kwa makusudi. Tumekubaliana hivyo wote tunaofanya kazi hii, kwamba afadhali mashine isimame kuliko iandike kwenye shamba la mtu.

Kiini chetu tulikuwa tumekiongezea kazi yetu wenyewe ya kugawa nafasi, kwa ajili ya sonde, na haikuwa na dokezo. Nikaliongeza. Mstari mmoja. Na kwa kuwa programu mpya ikishakaa mezani kwetu huwa tunaijaribu kwanza kwenye kituo kimoja, niliituma kwa mtandao hadi kwa dada, kwa sababu dada haniongopei. Wengine ukiwauliza kisanduku kinaendeleaje wanakujibu kinaendelea vizuri sana, bosi, Mungu akubariki. Kuanzia wiki ile kikaanza degedege zake.

Mkubwa wangu wa kazi ni mtu wa Gitega toka babu. Babu huyo alikuja kutoka India akafungua duka la vitambaa, baba akahamia kwenye taa na betri, yeye akaona jua lenyewe ndiyo biashara. Karakana yetu iko nyuma ya duka lake, kati ya mapipa ya waya na mke wake anayepika chakula cha mchana tunachokula wote. Ni mtu mwema. Lakini ana akili ya duka: kinachorudishwa na mteja kina ubaya.

"Mi naona hivi," aliniambia. "Mbele ya dokezo yako, boîte haikuwa inasimama. Nyuma ya dokezo, inasimama. Donc, toa dokezo. Iko nini ngumu hapo?"

"Mbwa akibweka, unawasha tochi au unamuua mbwa?"

"Mais mbwa akibweka kila siku, majirani hawalale. Na kwa sasa jirani ni wilaya."

Sipendi watu wanaochukia onyo kuliko hatari yenyewe. Wamejaa kila mahali, na wengi wao wana vyeo. Lakini sikuweza kumjibu la maana, kwa sababu kwenye meza yangu kisanduku hakikuwa kinasimama. Nilikuwa nimechukua kimoja, nikakifunga sonde zake nne, nikazitumbukiza kwenye beseni la maji ya barafu, nikazitoa, nikazirudisha, siku baada ya siku, hadi vidole vikakunjamana. Kilitulia tuli. Na kule Buhinyuza kikizimika, kinapoteza kila kitu kilichokuwa kichwani mwake, pamoja na ujumbe wa kusema kilichokisimamisha. Kuusoma ujumbe huo lazima uwe pale pale, umeunganisha waya, wakati kinaanguka.

Nilimuuliza dada kwenye simu, mara nyingi kuliko inavyostahili kumuuliza mtu mzima: kuna kitu umebadilisha? Hakuna. Una hakika? Ana hakika. Siku moja akachoka.

"Sikiliza, mdogo wangu. Mi naomba kitu moja tu. Hiyo kaneno uliweka, toa. Patron wako amesema toa, wilaya wanataka kijani, mi nataka kubakia hapa karibu na mama. Ni nani anataka hiyo kaneno? Ni weye tu!"

"Nikilitoa bila kujua kwa nini kinasimama, dada, nitakuwa nimefunika shimo kwa mkeka."

"Basi funika! Mi ndo naanguka kwenye shimo kila asubuhi, haiko weye."

Akakata. Nilimwonea huruma, na pia nilikuwa na hasira naye, na vyote viwili vilikuwa vya kweli. Ningeweza kulitoa lile neno kabla chai haijapoa. Badala yake nikamwambia mkubwa wangu kwamba naenda Buhinyuza.

Ilikuwa ni miezi ile ambayo petroli ukiisikia inatajwa unageuza shingo. Nilisubiri hadi pikapu ya duka ilipopata mafuta ya kupeleka betri Muyinga, nikapanda mbele na dereva asiyependa mazungumzo, jambo ambalo nililishukuru. Muyinga nikalala kwa mama. Alinitengea wali na maharage, akakaa mkabala akinitazama ninavyokula, mikono mapajani.

"Dada yako amekonda," alisema. "Hasinzii. Ijumaa alikuja, akanipima, akasahau kunigombeza. Sasa hiyo mashine yenu inamshitaki mtoto wangu kitu gani?"

"Haimshitaki, mama. Inajaribu kusema kitu."

"Basi iseme, nasi tupumzike."

Nikaosha mikono.

Kesho yake nilifika Buhinyuza kwa pikipiki, kompyuta nimeifunga tumboni kwa kitenge cha mama. Ilikuwa siku ya chanjo. Kina mama walikuwa wamejaa barazani, na watoto waliochomwa tayari walikuwa wanawafundisha kulia wale ambao zamu yao haijafika. Dada akanipa mkono bila kunitazama, akanionyesha chumba cha friji kwa kidevu, akaendelea na sindano zake.

Niliingia, nikasimama. Kulikuwa na friji mbili.

Kubwa niliijua. Pembeni yake, kwenye kona, kulikuwa na friji ndogo nyeupe, imekaa kama mgeni aliyeambiwa asubiri. Kutoka ndani yake ulitoka waya, umepanda ukuta kwa misumari, ukaingia kwenye kisanduku changu, kwenye tundu la akiba. Ilikuwa sonde ya tano.

Dada alipokuja kuchukua chupa nyingine, nilikuwa bado nimesimama.

"Hii imetoka wapi?"

"Ile kituo ya upande wa chini upepo uling'oa mabati yake yote. Baleta frigo yao hapa, kabla uweke hiyo kaneno. Fundi wenu wa karakana ndo alikuja kuifunga."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Weye uliuliza kama *mi* nimebadilisha kitu." Alikuwa amebana chupa ya chanjo kiganjani, anaongea taratibu, kama anavyoongea na wagonjwa wakorofi. "Mi sikubadilisha kitu. Bafundi benu ndo babadilisha. Nilizani munaongeaka huko kwenu."

Hatukuwa tunaongea huko kwetu. Fundi wa friji alikuwa amefunga waya akaenda zake. Mimi nilikuwa nachovya sonde nne kwenye beseni. Nikaunganisha waya wangu, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikasubiri. Kisanduku kikatulia kwa muda mrefu wa kunitia aibu. Kisha ikafika zamu ya tundu la akiba, linalosomwa mara chache kuliko mengine, kikasoma sonde ya tano, kikaanguka, na kabla hakijaanguka kikaniandikia kwenye skrini maneno ambayo sijawahi kuyafurahia hivyo: nimepewa nafasi ya vipimo vinne, nimeletewa vitano, nakataa.

Ikawa kweli ni shamba. Nilipofungua programu kutazama jirani wa nafasi ile ni nani, niliusoma mstari ule mara mbili. Jirani alikuwa kikomo. Ile namba inayosema joto likifika hapa, lia. Kipimo cha tano kilikuwa kinaandikwa juu ya kikomo. Maana yake, bila dokezo, kisanduku kingeuliza: je, friji ina joto kuliko kikomo? Na kikomo kingekuwa ni joto lile lile la friji. Jibu lingekuwa hapana leo, hapana kesho, hapana hata friji ikiwaka moto.

Nilimwita dada. Kina mama walikuwa wamepungua. Nilimweleza vile vile kama nilivyoeleza hapa, na shamba lake na jembe lake, akanitazama kwa uso wa mtu anayesikiliza hotuba ya mgombea. Nikaacha kueleza. Nilikuwa na programu ya zamani kwenye kompyuta, ile isiyo na dokezo, ile ambayo kila mtu alikuwa anaitaka. Nikaiweka kwenye kisanduku. Kikawaka, taa ikawa ya kijani, kikatulia.

"Unaona?" akasema. "Si nilisema?"

"Toa ile sonde ya friji ndogo. Ishike."

Hakuishika. Yeye ni muuguzi. Kitu cha kupimia joto anajua mahali pake. Akafungua kifungo cha koti jeupe, akaiweka kwapani, akabana mkono. Tukasimama tunatazama taa. Nje mtoto alikuwa analia kwa kwikwi. Taa ilikuwa ya kijani. Tukaendelea kusimama. Kijani. Pale ndani ya kwapa la dada yangu palikuwa na joto la kuua kila chanjo iliyomo chumbani, na kisanduku kilikuwa kinawapasha habari wakubwa wa wilaya kwamba hali ni shwari.

"Basi mi ni frigo nzuri sana," alisema dada. Hakucheka.

Akaitoa sonde, akaipangusa kwa pamba, kama desturi. Akaenda kwenye friji ndogo, akaanza kutoa chupa moja moja na kutazama ile alama inayobadilika rangi chanjo ikipata joto. Zote zilikuwa nzima. Zilikuwa nzima kwa bahati tu, na yeye alilijua hilo kuliko mimi.

Wageni wa wilaya walikuwa wanakuja keshokutwa kukagua. Nikamweleza jinsi mambo yalivyo. Kosa naweza kulirekebisha hapo hapo, kwa programu kupima ni sonde ngapi zimefungwa badala ya kuamini kwamba ni nne. Lakini programu mpya hairuhusiwi kuingia kwenye kisanduku kilicho kazini kabla haijakaa mezani kwetu wiki kadhaa, na sheria hiyo niliitunga mimi baada ya kuumwa na nyoka mwingine wa zamani. Kwa hiyo kwa ukaguzi kuna njia mbili. Niiache hii ya kijani, wageni waje, waone kijani, waondoke. Au nirudishe yenye dokezo. Na ili isisimame, tuchomoe sonde ya tano, na friji isiyo na sonde hairuhusiwi kuwa na chanjo.

"Na vaccin yake nitapeleka wapi? Kubwa imejaa."

"Zirudi Muyinga."

"Bila papier ya ruhusa."

"Bila papier."

Nilitaka aseme niache ya kijani. Nasema ukweli wangu: nilikuwa nimechoka kiasi kwamba angesema hivyo ningeiacha, ningerudi Gitega, ningelala. Alikaa kwenye ndoo yangu, akavua viatu, akajikanda kisigino.

"Hao watoto bako hapo inje," alisema baadaye, "mama zao banatembea tangu alfajiri. Mi nitawachoma nini? Maji?" Akavaa viatu. "Rudisha kaneno kako."

Nikarudisha. Yeye mwenyewe akachomoa ile sonde, akapanga chupa kwenye sanduku la barafu, akalifunga na kuligonga kifuniko kwa kiganja. Nikalipeleka Muyinga nimelipakata kwenye pikipiki, kompyuta tumboni, vumbi machoni.

Ofisini wilayani nilipokelewa na mtu mmoja mpole, macho mekundu kwa uchovu, mezani kwake mafaili yamepangwa hadi kidevuni. Alinisikiliza hadi mwisho. Hata nilimwonyesha kwa kompyuta. Alipoelewa, alielewa vizuri, kuliko nilivyotegemea, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Kwa hiyo hiyo frigo ndogo ilikuwa bila ulinzi miezi hiyo yote?"

"Ilikuwa na ulinzi. Kisanduku kilikuwa kinasimama kwa sababu ya ulinzi."

"Kikisimama, kinapima?"

"Hapana."

"Basi ilikuwa bila ulinzi." Aliandika kitu. "Na titulaire ametoa chanjo kituoni bila ruhusa."

"Amezitoa ili zisiharibike."

"Naelewa, ndugu yangu. Mi naelewa kabisa. Mais angeomba ruhusa kwanza." Na alikuwa anamaanisha, hakuwa mtu mbaya. "Vituo vingine viwili viko na sonde tano. Kule hakuna pengo hata moja. Kijani tupu."

Nikamwambia vituo hivyo viwili bado vina programu ya zamani. Nikamwambia kijani chao ni cha uongo. Alinitazama kama unavyomtazama mtu anayetukana watu wa heshima wasiokuwepo. Wakubwa wa vituo vile walikuwa wameshasifiwa mkutanoni. Wahenga walisema msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Hawakusema ni mpenzi wa wilaya.

Barua ya tatu ilikuja wiki iliyofuata, kwa kosa la kurudisha chanjo bila kibali. Haikutaja pengo hata moja. Mkubwa wangu alipiga simu kwa kila mtu anayemjua, akasema kosa ni la karakana yetu, akalisema kwa sauti kubwa, dukani, mbele ya wateja, na kwa hilo namheshimu hadi leo. Walimshukuru kwa maelezo. Dada akahamishiwa Buraza, upande wetu wa Gitega, muuguzi wa kawaida, si titulaire tena. Watu wakanipongeza kwamba sasa dada yuko karibu nami.

Programu ilikaa mezani wiki zake. Sisi watu wa kiini tuna desturi moja ambayo wengine hawaijui: badiliko haliingii bila maneno chini yake, nani kaliandika, nani kaliripoti kosa, nani kalijaribu. Hata uwe umerekebisha herufi moja. Kwenye mstari wa aliyeripoti nikaandika jina la dada yangu. Kwenye mstari wa aliyejaribu nikaliandika tena.

Mkubwa wangu alisoma, akashusha miwani. "Huyu haiko informaticienne, haiko mtu wa kompyuta."

"Kosa kaliripoti yeye, kila asubuhi. Na kwapa ni lake."

Akaridhia. Badiliko likaingia kwenye visanduku vyote, hata vile viwili vya kijani tupu, navyo vikalia siku ya kwanza, na hakuna aliyeandikiwa barua. Nikampigia dada nikamsomea mistari ile miwili.

"Wilaya banasoma hiyo?"

"Hawasomi."

"Sasa nani anaisoma?"

"Watu kama mimi."

"Pole yenu," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu mambo hayo yaanze nikamsikia anacheka kidogo.

Halafu Ijumaa moja mchana nikapigiwa simu na titulaire mpya wa Buhinyuza, kijana mwenye heshima zake. Chanjo zilikuwa zimerudishwa kwenye friji ndogo, sonde ya tano imefungwa tena, na siku hiyo friji ilikuwa imekufa yenyewe, joto likapanda, kisanduku kikapiga kelele kituo kizima kikasikia. Waliwahi. Wilaya wameshampigia kumpongeza kwa uangalifu wake. Alitaka kunishukuru. Nikamwambia asante, nikamtakia kazi njema.

Nikampigia dada. Alikuwa kazini Buraza. Nilisikia watoto wanalia nyuma yake. Nikamweleza.

"Balifika mbio?"

"Walifika."

"Vaccin zote ziko nzima?"

"Zote. Hakuna hata moja iliyobadilika alama."

"Alhamdulillah," alisema. Nikamsikia akimtuliza mtoto mmoja, kisha akarudi kwenye simu.

"Na mama leo iko na nani?"

Nikamwambia yuko peke yake.